Jina WAV, ndani MP3: uzoefu wangu na sampuli za ngoma za Pwani

Pakiti hii ya sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti vilivyorekodiwa, nimeilipia juzi juzi na bado kifua kinanipanda. Ndani kuna ngoma za dumbak, msondo, chapuo na vumi, pamoja na udi na zumari. Ukiburuta dumbak ya kwanza kwenye sampla (programu au kifaa cha kupigia sampuli), kimya. Ya pili, ujumbe kwamba aina ya faili haitambuliki. Msondo mmoja unaingia, unaofuata unagoma. Zote zinaishia na .wav, jina la faili za sauti ambayo kwa kawaida haijabanwa.

Niliwaandikia wauzaji, nikaambatanisha faili mbili. Jibu lao: "Ndugu mteja, faili zetu ziko sawa. Kompyuta yako haina nguvu, jaribu nyingine." Jamani! Kompyuta isiyo na nguvu hukwamakwama ukipiga sauti nyingi kwa pamoja. Haishindwi kusoma faili moja ya sekunde mbili. Anayeuza sauti anapaswa kulijua hilo kabla ya kumjibu mteja hivyo.

Fungua faili kwa Notepad, na ukitoka usihifadhi chochote maana utaiharibu. WAV ya kweli huanza na herufi RIFF, zinafuata baiti nne za ukubwa, kisha neno WAVE. Dumbak iliyogoma ilianza na ID3, lebo ya maelezo inayowekwa mwanzoni mwa MP3. Hiyo ni MP3, yaani sauti iliyobanwa, iliyobadilishwa jina tu, basi. Vichezaji vingi vya muziki huchungulia yaliyomo na kuicheza hivyo hivyo, ndiyo maana muuzaji anaisikia ikilia kwake. Sampla nyingi huamini jina: zinatafuta RIFF, zikiikosa zinakataa. Usipotaka kuhangaika na herufi, programu ya MediaInfo itakuandikia MPEG Audio waziwazi.

Misondo iliyogoma ni kisa kingine. Ni WAV halali, biti 24, 96 kHz (vipimo 96,000 vya sauti kwa sekunde), lakini ukizitazama kwa programu ya kuonyesha baiti (hex editor), baiti ya 21 na ya 22 zinasoma FE FF badala ya 01 00. Huo ni muundo wa WAV uliopanuliwa, na sampla za zamani zinajua namba 1, yaani PCM (sauti isiyobanwa) ya kawaida, pengine na 3, ya sauti iliyoandikwa kwa namba za desimali. Tiba yake ni programu ya ffmpeg, ukiiandikia amri hii:

ffmpeg -i msondo.wav -ar 44100 -c:a pcm_s16le msondo_safi.wav

Nimeweka biti 16 kwa makusudi. Ukiiambia ffmpeg itoe 24, itaandika muundo ule ule uliopanuliwa na utarudi ulikotoka. Ukizing'ang'ania 24, tumia programu nyingine, SoX:

sox msondo.wav -b 24 -t wavpcm msondo24.wav

Ila zumari usiziguse kama zinaingia zenyewe. Zina alama za lupu (sehemu ya sauti inayorudiwa) kwenye kipande kiitwacho smpl, na ffmpeg haikibebi. Ukizibadilisha, sauti uliyotaka iendelee muda wote unaoshikilia kitufe itakatika njiani.

Udi umerekodiwa kwa 48 kHz. Sampla isiyosoma kasi hiyo inaucheza kama 44.1, nao unashuka karibu robo tatu ya toni. Hapo ni rahisi kudanganyika, kwa sababu kwenye maqam, ngazi za muziki wa Kiarabu, robo toni ni kitu cha kawaida; unaweza kudhani mpigaji ndivyo alivyokusudia. Pima na kipima noti (tuner) kabla ya kumlaumu. Na faili ndogo zinazoanza na ._ ni mabaki ya Mac, hazina sauti yoyote, futa.

Baada ya kusafisha, nakiri vumi lile limerekodiwa vizuri mno. Unasikia ngozi ikivuta pumzi baada ya kiganja kutoka. Chapuo nazo hazina kelele za chumba. Kwa hizo peke yake nilikuwa tayari kutoa nyota nne na kusamehe.

Kisha nikarudi kwenye dumbak. Hata ukizigeuza kuwa WAV, MP3 huacha ukimya mbele, mara nyingi vipimo 1105 vya sauti, yaani kama milisekunde 25. Kwenye mdundo wa 120 kwa dakika, noti ya kumi na sita ni milisekunde 125. Umeshachelewa kwa sehemu moja ya tano, ngoma inaburuta. Kama taarifa ya LAME (programu ya kutengeneza MP3) imo ndani, ffmpeg hukata yenyewe. Humu haimo, kwa hiyo utakata kwa mkono, faili moja moja, kwenye programu ya Audacity. Halafu ile "tek" ya vidole ukingoni, ambayo ndiyo roho ya dumbak, iko kwenye masafa ya juu, ndiyo MP3 iliyobanwa sana hutupa kwanza. Kugeuza hakuirudishi.

Kwa hiyo nyota nne nimezifuta, nimebakiza moja. Sitaki hela zangu, nataka dumbak za asili kama zilivyotoka kwenye kinasa. Nimewaandikia tena, safari hii na picha ya zile herufi tatu, ID3, zikiwa mwanzoni mwa faili yao.