Shajara ya ukoo wetu kwenye flashi: mwaka mmoja na Gramps

Kwa miaka mingi shajara ya ukoo wetu, yaani mti wa nasaba, ilikuwa karatasi moja kubwa ya manila, imeviringishwa na kufungwa mpira, ikikaa juu ya kabati la marehemu babu kule Pangani. Ukitokea msiba au harusi inashushwa, inatandikwa mkekani, watu wanainama kutafuta majina yao, kisha inarudi juu ya kabati. Waliozaliwa baada ya 1990 hawamo, kwa sababu nafasi iliisha. Ukingo wa upande wa kina shangazi umeliwa na mende.

Mwaka jana nikaamua kuihamishia kwenye kompyuta, tena si kwa kuipiga picha. Nilitaka mtu akibofya jina apelekwe kwa mwenye jina: wazazi wake, wake zake, watoto wake, picha yake, na sauti yake ikiwa ipo. Wengi ninaowafahamu wanaoanza kazi hii wanaishia na picha moja kwenye kundi la WhatsApp, ambayo ukiikuza majina yanageuka ukungu. Mimi nilitumia programu ya Gramps, na huu ni uzoefu wangu wa mwaka mzima nikiwa nayo.

Gramps ni ya bure, imetengenezwa na watu wanaojitolea tangu 2001, na inakubali Windows, Linux na Mac. Kumbukumbu zote zinakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Hilo kwangu lilikuwa la kwanza, kwa sababu kabla ya hapo nilijaribu tovuti moja ya kulipia. Kila ndugu alitakiwa kufungua akaunti yake, na mama mkubwa hana hata barua pepe. Ada ilipokwisha nikabaki naangalia nusu ya kazi yangu kwa dirishani.

Kazi ya kuingiza majina ni ndefu na haina njia ya mkato. Miezi mitatu nilikuwa nakaa usiku baada ya Isha, karatasi ya manila upande mmoja, daftari la babu mkubwa upande wa pili. Hilo daftari limeandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na tarehe zake ni za miezi yetu. Babu yangu ameandikwa kuzaliwa tarehe 3 Mfungo Sita 1350. Nilidhani itanibidi nikae na kalenda nigeuze tarehe moja moja. Kumbe kwenye kisanduku cha tarehe unachagua kalenda ya Kiislamu, unaandika kama ilivyo daftarini, na programu inajua kuwa hiyo ni Julai 1931, inampanga babu mahali pake kati ya ndugu wenye tarehe za Kizungu. Miezi inakuja kwa majina ya Kiarabu, kwa hiyo lazima ujue kuwa Mfungo Sita ni Rabiul-Awwal na Mfungo Mosi ni Shawwal. Kwa asiyejua tarehe kamili unaweka "yapata" mwaka fulani, au "kabla ya", au "kati ya" mwaka huu na ule, na shajara haimsingizii mtu siku ambayo hakuna aliyeishuhudia.

Mtu mwenye wake watatu hapati shida humo. Kila ndoa inasimama peke yake na watoto wake, ukibofya jina la baba unawaona wote, ukibofya jina la mama unawaona watoto wake tu. Binamu waliooana nao wanakaa vizuri. Mstari unatoka pande mbili na kukutana. Kilichonipa shida ni uhusiano ambao kwetu una uzito lakini si wa damu. Shangazi yangu na jirani yao walinyonya ziwa moja, na kwa hiyo hawawezi kuoana. Kwenye mti wa kawaida jambo hilo halionekani kabisa, na kizazi kijacho kitalisahau. Gramps ina sehemu ya mahusiano mengine, unamuunganisha mtu na mtu na kuandika neno lako mwenyewe. Nikaandika "ndugu wa kunyonya". Ukibofya hapo unafika kwa yule jirani. Kwa hilo peke yake nimesamehe mengi.

La kusamehe mojawapo ni lugha. Nimeitumia kwa Kiingereza, na Kiingereza hakitofautishi ami na mjomba, wala hakina jina la peke yake kwa kitukuu, kilembwe na kining'ina. Majina hayo nimeyaandika kwa mkono kwenye maelezo ya kila mtu aliyeniuliza "mimi na huyu tunaitanaje?" Waliouliza ni wengi.

Sasa kuhusu kubofya. Kwenye menyu ya ripoti kuna moja inayoitwa "Narrated Web Site". Ukiiendesha inakutengenezea folda nzima ya kurasa, ukurasa mmoja kwa kila mtu, na ndani ya kila ukurasa mchoro mdogo wa wazazi na mababu ambao kila kisanduku chake kinabofyeka. Idadi ya vizazi unaipanga mwenyewe. Kurasa zinaitana zenyewe kwa zenyewe ndani ya folda hiyo hiyo, kwa hiyo huhitaji intaneti wala bando. Unainakili folda kwenye flashi, unachomeka kwenye kompyuta yoyote, unabofya faili la index, kivinjari kinafunguka na ukoo mzima umo. Wetu ni watu 386. Mimi niliongeza faili dogo nje ya folda nikaliita ANZIA HAPA, linalompeleka mtu moja kwa moja kwenye ukurasa wa kwanza, maana nilimwona kaka yangu akizunguka ndani ya mafolda dakika kumi hajui aguse nini.

Ukitaka mchoro mmoja mkubwa wa ukoo wote, kama ile manila, kuna ripoti nyingine ya grafu ya mahusiano. Itoe kwa umbo la SVG, ambalo unaweza kulikuza mpaka jina moja lijaze kioo na lisipoteze makali, na kabla ya kuitoa weka alama kwenye chaguo la kuingiza viungo, ili kila jina kwenye mchoro lifungue ukurasa wa mtu huyo. Ukisahau alama hiyo unapata mchoro mzuri uliokufa. Mimi nilisahau mara mbili.

Nikanunua flashi tano, nikazijaza, nikaanza na Pangani.

Aliyebaki mkubwa wa ukoo ni bibi yetu, mdogo wake babu. Tuliketi barazani, laptopu juu ya kigoda, kitukuu chake mmoja ndiye aliyeshika kipanya. Bibi hasomi herufi ndogo, lakini picha anaziona. Alipomwona kaka yake na kofia yake ya kiua alicheka, akamwambia mtoto, "Nibonyezee mume wangu." Ukurasa ukafunguka: picha ya marehemu, chini yake watoto sita. Mtoto akawasoma kwa sauti, mmoja mmoja. Bibi akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Saba."

Tukamtazama. Akasema wa kwanza alikuwa wa kiume. Siku ya saba walimpa jina, siku ya tisa akafariki. Ilikuwa mwaka wa uhuru, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Baba yangu, mwenye miaka sitini na mbili, hakuwahi kusikia habari hiyo. "Hakuna aliyeniuliza," bibi alisema. "Kwenye karatasi yenu mlikuwa mnaandika walio hai."

Nilimwingiza pale pale barazani: Mfungo Tatu 1380, yapata, na jina alilopewa. Nikaiendesha ripoti upya, dakika chache, na mtoto akabofya tena. Sasa walikuwa saba, na yeye wa kwanza juu. Bibi akaomba aguse mwenyewe. Kitukuu akamshika mkono, wakabofya pamoja, ukafunguka ukurasa usio na picha wenye mistari mitatu tu, na bibi akakaa nao kimya mpaka kioo kikazimika. Baadaye jioni alikubali nimrekodi sauti, akaeleza alikozikwa mtoto na nani aliyemwosha. Rekodi hiyo iko kwenye ukurasa ule sasa.

Ndiyo maana nasema kwa moyo wote: anza na flashi, tovuti ifuate. Wenye habari hawako mtandaoni. Wako barazani, na wanaona kilichokosekana pale tu unapowawekea mbele yao kitu wanachoweza kukigusa na kikafunguka.

Kuhusu rekodi, jambo moja la kiufundi. Sauti za WhatsApp ni za umbo la opus, na kompyuta nyingi za zamani hazizipigi. Zigeuze kuwa MP3 kabla ya kuzipandisha.

Flashi nazo zina maradhi yake. Moja niliiacha kwenye steshenari ili shemeji achapishe kurasa za watu wa upande wake. Ilirudi na kirusi kile cha njia za mkato: folda halionekani, badala yake kuna kialama cha jina lile lile ambacho ukikibofya ndiyo unakisambaza kwenye kompyuta yako. Mafaili hayakuwa yamefutika, yalikuwa yamefichwa tu, na amri ya attrib iliyafichua. Lakini mama mkubwa angejuaje? Angeamini ukoo umepotea. Tangu siku hiyo flashi za ndugu nanunua zenye kitufe cha kufunga ubavuni. Ukikisukuma, kompyuta inaweza kusoma na haiwezi kuandika. Zinatafutwa, si kila duka wanazo. Kadi ya SD ya ukubwa wa kawaida nayo ina kifungo hicho, kama una kisomeo chake.

Udhaifu mkubwa zaidi ni simu. Vijana wetu hawana kompyuta, wana simu. Ukichomeka flashi kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG ukafungua index, mara nyingi ukurasa wa kwanza unakuja bila rangi na viungo havifunguki, kwa sababu simu inampa kivinjari faili lile moja tu na kumnyima folda lililobaki. Hili si kosa la Gramps, ni simu zilivyojengwa kwa usalama. Lakini kijana anayebofya jina la babu yake na kuambiwa faili halipo hatajaribu mara ya pili. Kwa hao ndipo tovuti ilipohitajika, na kwa ndugu zetu wa Mombasa na Muscat pia.

Folda lile lile la kwenye flashi ndilo linalopandishwa mtandaoni, hakuna cha kujenga upya. Kupandisha ni rahisi. Kuamua nini kipandishwe ndiyo kazi. Nchi hii kila mtu ameshapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Fikiria tapeli akiwa na ukurasa unaomwonyesha mama yako ni nani, shemeji yako ni nani, na mjomba yuko Muscat. Tena tangu 2022 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za watu walio hai si mali yangu kuzianika kwa sababu mimi ndiye niliyechapa.

Gramps inakuruhusu kuchagua walio hai waonekane vipi: wote kamili, majina bila habari nyingine, au wasiwemo kabisa. Mimi nina matoleo mawili. La flashi lina kila kitu. La tovuti lina marehemu kwa ukamilifu na walio hai kwa majina tu, na bado nimelifunga kwa nywila kwenye seva, maana huduma nyingi za bure za kuweka kurasa zinaziweka wazi kwa dunia nzima. Angalia jambo hili: asiyeandikiwa kifo, programu humhesabu yu hai mpaka ione amepita miaka 110. Babu mkubwa wa tano, ambaye hatujui alikufa lini, alibaki jina tu kwenye tovuti, habari zake zimefichwa kama za mtu aliye hai. Dawa ni kumwekea tukio la kifo hata bila tarehe.

Kuna pia alama ya kufuli kwa kila habari. Niliitumia kwa talaka mbili na kwa mtoto mmoja ambaye mama yake hakutaka asemwe na watu wa nje. Nilimwuliza mama kwanza. Mtoto yumo kwenye flashi, ameketi na ndugu zake, na hayumo kwenye tovuti. Hivyo ndivyo mama alivyotaka.

Ndani ya kila flashi naweka pia faili la GEDCOM, umbo lililoanza 1984 na ambalo karibu kila programu ya nasaba inalisoma, ili siku mimi sipo mwingine aendeleze kwa chombo chake. Lakini GEDCOM ya kawaida inabeba majina na tarehe, haibebi picha wala sauti zenyewe. Kwa hizo hifadhi kifurushi kamili cha Gramps, na mahali pawili.

Toleo la nne limemalizika juzi. Binamu anaondoka Ijumaa na boti kwenda Unguja, kisha Muscat, na flashi tatu kwenye mkoba. Nimemwomba arudi na sauti ya ami, ambaye wanasema anakumbuka majina ya kina mama wa kizazi cha nne. Kwenye shajara yetu wote hao bado wameandikwa "mke wa".