Chakula cha Kichina cha kufungiwa katika miji ya vyuo Marekani: kipi uanze nacho, kipi uache

Katika miji ya vyuo kama Champaign, Iowa City, Ann Arbor au West Lafayette, ni vigumu kupata chakula cha moto kinachoshibisha kwa bei ndogo kuliko cha Kichina. Ila dola zile zile zinaweza kukupa milo miwili ya nguvu, au zikaishia kwenye unga wa kukaanga, sukari na ada za dereva. Tumepanga machaguo haya kwa kipimo kimoja: lipia moto wa karai na kazi ya kukata nyama na mboga, kwa sababu jiko la bweni halifikii joto lile. Wali pika mwenyewe, na chakula kifuate kwa miguu yako. Bei zilizo hapa ni za kukadiria, na kodi ya mauzo huongezwa juu ya bei ya menyu.

1. Sahani ya mchana, kwa simu

Migahawa midogo ya familia huiandika Lunch Special, na mara nyingi huiuza kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Unapata kitoweo kimoja, wali wa kukaanga, na egg roll (kipande cha unga kilichoviringwa kwa kujazwa mboga na nyama, kisha kukaangwa) au supu, kwa takriban dola 9 hadi 12. Jioni kitoweo hicho hicho hupanda kwa dola kadhaa. Baadhi ya migahawa haiuzi bei hiyo wikendi, kwa hiyo ulizia kwanza.

Piga simu kuanzia saa saba na nusu mchana. Kati ya saa sita na saa saba wanafunzi wanamiminika kutoka madarasani, na mpishi hulazimika kutia oda mbili tatu kwenye karai moja. Karai likijaa kupita kiasi joto hushuka, nyama hutoa maji, na mboga zinachemka badala ya kukaangika. Ukienda kuchukua, funua boksi pale pale kaunta: brokoli iwe kijani kibichi chenye kung'aa, na mchuzi uwe umeshika kwenye nyama. Ukikuta dimbwi la mchuzi mwepesi chini na brokoli ya rangi ya zeituni, oda hiyo imepikwa kwenye karai lililojaa au imekaa muda mrefu.

Chagua kuku na brokoli, nyama ya ng'ombe na pilipili hoho, au maharage machanga. Nyama hapa hukatwa nyembamba na kupakwa wanga wa mahindi kabla ya kupikwa, ndiyo maana inabaki laini hata ukiipasha moto kesho yake. Kuku wa General Tso, kuku wa ufuta na kuku wa machungwa wana kasoro moja: sehemu kubwa ya ujazo wao ni unga uliokaangwa, na mvuke ndani ya boksi lililofungwa huulainisha kabla hujafika nyumbani. Ukiwatamani, omba mchuzi ufungwe pembeni na uache kifuniko wazi kidogo njiani.

Kabla ya kukata simu uliza jumla pamoja na kodi, na kama kadi ina kiwango cha chini au ada. Kwa chakula unachokichukua mwenyewe bakshishi si lazima. Dola moja au mbili ni uungwana.

2. Kitoweo cha robo galoni, wali wako

Hili ndilo chaguo la kwanza kwa watu wawili, au kwa mtu anayetaka kula leo na kesho. Vitoweo vingi huuzwa kwa painti, takriban mililita 470, au kwa robo galoni, takriban 950, ambayo kwenye menyu huandikwa qt. Ujazo unakuwa maradufu lakini bei mara nyingi haifiki maradufu, kwa hiyo painti ni nadra kulipa. Wali mweupe mara nyingi huja bila malipo ya ziada. Kuubadilisha na wa kukaanga ndiko kunakoongeza bei, na rangi yake ya kahawia ni ya sosi ya soya tu.

Ukiwa na sufuria ya umeme ya kupikia wali, kikombe kimoja cha mchele hutoa takriban vikombe vitatu vya wali. Mfuko wa mchele wa jasmine wa pauni 20, yaani kilo 9, kutoka duka la vyakula vya Asia utakuvusha muda mrefu. Usipite menyu bila kuangalia egg foo young: chapati nene za mayai na machipukizi ya maharage, nzito, zenye protini ya kutosha, na hazilegei zikipashwa. Mchuzi wake uombe pembeni.

3. Mgahawa wenye menyu mbili

Palipo na wanafunzi wengi kutoka China, huwa kuna mgahawa wenye menyu ya Kichina kando ya ile ya Kimarekani. Sahani moja inaweza kufika dola 14 hadi 18, lakini hutosha watu wawili au watatu wakiongeza wali. Nyanya na mayai, kabichi ya kukaangwa kwa pilipili kavu, na mapo tofu (tofu ya soya kwenye mchuzi wa pilipili) ndivyo vyenye thamani zaidi. Kwa kikundi cha marafiki wanne, hapa ndipo pa kwenda.

4. Panda Express na wenzake

Mnyororo huu wa migahawa ulianza Glendale, California, mwaka 1983, na matawi yake yamo hata ndani ya kumbi za wanafunzi. Oda iitwayo Plate ni chakula kimoja cha msingi, yaani wali, tambi au mboga, pamoja na vitoweo viwili. Omba nusu tambi nusu mboga, angalia alama ya vitoweo vyenye nyongeza ya bei, na kama trei imebaki vipande vya mwisho vilivyokauka, subiri mpya.

5. Bafe ya kupima kwa uzito

Wali na mchuzi ndivyo vyenye uzito mkubwa na thamani ndogo. Chukua kamba waliomenywa na maharage machanga. Trei isiyotoa mvuke, iache.

6. Programu za simu za kuletewa chakula

Mara nyingi bei ya menyu ndani ya programu ni kubwa kuliko ya kaunta. Mfano: kitoweo cha dola 12 kikiandikwa 14, ongeza ada ya huduma 2, ya kuletewa 3, kodi 1 na bakshishi ya dereva 3, unafika 23. Theluji ikikuzuia kutoka, piga simu mgahawani kwanza; baadhi wana dereva wao.

Kwa wasiokula nguruwe

Egg roll, dumplings (vifuko vya unga vya kuchemshwa vyenye nyama ndani), mapo tofu na wali wa kukaanga wa "house", yaani mchanganyiko wa mgahawa wenyewe, mara nyingi huwa na nguruwe. Mafuta ya kukaangia huwa ya pamoja, na divai ya mchele hutumika kwenye michuzi mingi. Anayetaka halali kamili atafute mgahawa wa Waislamu wa China, hasa wa tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China. Penye tangazo la halali, uliza nyama inatoka wapi.

Kuhifadhi

Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo kifupi na kipana ili kipoe haraka. Wali ndio wa kuogopwa zaidi: mbegu za bakteria Bacillus cereus hustahimili kupikwa, na sumu yake haiondoki kwa kupasha moto. Kula ndani ya siku tatu au nne, pasha hadi katikati ifike nyuzi 74 za Selsiasi, na boksi lenye mshikio wa waya usilitie kwenye maikrowevu.