ThinkCentre M720q Tiny: tuifungue tuone inachoweza na inapokwama

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nimeweka mezani mashine ambayo huenda baadhi yenu mnaitumia kazini kila siku bila kuijua jina, kwa sababu imefungwa nyuma ya skrini au imejificha chini ya mafaili. Hii hapa, Lenovo ThinkCentre M720q Tiny. Naishika kwa mkono mmoja muone ukubwa wake: sentimita 18 kwa 18, unene sentimita 3.5. Ukiilaza kwenye rafu ya vitabu utadhani ni kamusi. Na humu ndani mna kompyuta kamili ya mezani.

Ilitoka mwaka 2018, kwa hiyo siileti kama kitu kipya. Naileta kwa sababu ofisi zinapobadilisha mashine zake, hizi ndizo zinazotoka kwa wingi na kuuzwa mtumba, na naona watu wanazinunua halafu wanazichukia kwa makosa yasiyo yake. Yangu nimeinunua kwa fedha yangu mwenyewe, na huu ni mwaka wa pili naifanyia kazi: barua, mahesabu, vikao vya video, hata maandishi ya vipindi hivi mnavyotazama. Nilichojifunza ni kwamba kisanduku hiki mara nyingi kinamfikia mnunuzi kikiwa kimefungwa miguu, kisha kinalaumiwa kwa kutokimbia.

Cha kwanza kulaumiwa ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Hii yangu ni Core i5-8500T. Mtu anasoma gigahezi 2.1, kipimo cha kasi yake, anakunja uso, anaiacha. Ngoja niwaeleze hiyo herufi T mwishoni. Kuna i5-8500 ya kawaida, isiyo na T, ambayo inaanzia gigahezi 3.0 na kupanda hadi 4.1, na imekadiriwa wati 65. Hii ya T inaanzia 2.1, inapanda hadi 3.5, na imekadiriwa wati 35. Zote mbili zina viini 6, yaani sehemu sita zinazofanya kazi kwa pamoja. Imebanwa kwenye umeme na joto tu, ili iweze kuishi ndani ya kisanduku chenye feni moja ndogo.

Sasa fikiria kazi ya ofisi ilivyo. Unafungua faili, prosesa inahangaika sekunde mbili, inatulia kukusubiri usome. Unabonyeza, inahangaika tena kidogo, inatulia. Kwa mwendo huo wa kushtuka na kupumzika, T inapanda juu ya gigahezi 3 na kushuka kabla joto halijajaa, na wewe uliyekaa kwenye kiti huoni tofauti. Tofauti utaiona ukiipa kazi ndefu isiyopumzika. Nilipokuwa nachakata video ya saa nzima, dakika chache za mwanzo ilikwenda vizuri, kisha feni ikaanza kupanda sauti na kasi ikashuka, na ikabaki huko chini mpaka mwisho. Kama kazi yako ni ya namna hiyo kila siku, hii si mashine yako, na naomba usishawishike na udogo wake.

Haya, tuifungue. Nimeshachomoa waya wa umeme, nimebonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe, na nimegusa chuma kwanza ili nisipeleke umeme wa mwilini kwenye vifaa. Nyuma hapa kuna skrubu moja. Moja tu. Naitoa, nasukuma mfuniko wa juu kuelekea mbele, unateleza. Juu tunaona feni na kijumba cha diski ya inchi 2.5. Naigeuza, nasukuma mfuniko wa chini. Hapa ndipo penye siri: nafasi mbili za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, zile ndogo za laptopu, na nafasi nyembamba iitwayo M.2 ya kulaza SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka.

Yangu ilipofika, ilikuwa na kipande kimoja cha RAM cha GB 8, na kwenye kile kijumba cha juu kulikuwa na diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Asubuhi ya kwanza niliiwasha, nikaenda kupiga mswaki, nikarudi, bado inajikusanya. Nikafungua kivinjari, nikasubiri. Ukiweka sikio karibu ulisikia diski inakwaruza, inatafuta, inatafuta. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumrudishia muuzaji. Bahati nzuri nikafungua ukurasa unaoonyesha mashine inashughulika na nini: prosesa ilikuwa asilimia tano, diski asilimia mia. Yaani mtu mwenye mbio alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri mwenye funguo.

Diski ile ya kuzunguka ina mkono unaotembea juu ya sahani kutafuta vipande vya faili kimoja kimoja, na Windows ikiamka inaomba maelfu ya vipande kwa wakati mmoja. SSD haina mkono wa kutembeza. Nilipoweka SSD ya NVMe, ile aina ya kasi zaidi, kwenye nafasi hii ya chini, mashine ile ile, prosesa ile ile, ikawa kitu kingine kabisa. Na kama huna NVMe, usijinyime; hata SSD ya kawaida ya SATA, aina ya zamani zaidi, inakaa pale pale juu ilipokuwa diski ya zamani, na kwa kazi za ofisi utaona karibu faida yote. NVMe kwenye karatasi inafika megabaiti 3,500 kwa sekunde na SATA 550, lakini barua ya kurasa kumi haijali hilo.

Kisha RAM. Tazama ninavyoiweka: unaiingiza ikiwa imeinama, unaisukuma mpaka ile mistari ya dhahabu inakaribia kupotea, ndipo unailaza chini mpaka vibano viwili vya pembeni vilie tik. Kama havijalia, haijaingia. Nimeweka vipande viwili vya GB 8, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kipande kimoja cha GB 16 na viwili vya GB 8 si kitu kimoja kwenye mashine hii. Vikiwa viwili, prosesa inasoma kutoka pande zote mbili kwa pamoja, na njia ya data inakuwa pana mara mbili. Grafiki yake, yaani sehemu inayotengeneza picha za skrini, ni UHD 630, na haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa hii hii. Kwa hiyo ukiacha nafasi moja tupu, unaibana prosesa na picha kwa mpigo mmoja.

Nije kwenye skrini, maana hapa ndipo mwenzangu wa kazini alipohangaika wiki nzima. Alinunua skrini ya 4K, zile zenye picha kali zaidi, akachomeka kwa HDMI, kisha akaniambia mshale wa kipanya unaruka ruka, kompyuta imechoka. Haikuwa imechoka. Mashine hii nyuma ina tundu mbili za picha, HDMI moja na DisplayPort moja, na hiyo HDMI ni toleo 1.4, ambalo kwa 4K linatoa picha 30 tu kwa sekunde. Jicho linaliona hilo pale mshale unapotembea. DisplayPort iliyo jirani yake ni toleo 1.2, inatoa 60. Tulibadilisha kebo, tatizo likaisha. Kwa skrini ya kawaida ya 1080p, HDMI inatosha kabisa. Unaweza kuunganisha skrini mbili, moja huku na moja huku, na ndivyo ninavyofanya mimi. Ile USB-C ya mbele ni ya data na kuchaji simu, haitoi picha.

Michezo mizito ya video, sahau. Nafasi ya PCIe, ya kuchomeka kadi za ziada, ipo ndani, lakini inahitaji kipande cha kuunganishia kinachouzwa kando, na ukikifunga unapoteza kile kijumba cha diski ya inchi 2.5. Wanaoitumia zaidi ni watu wanaoongeza kadi ya mtandao. Kwa video za mtandaoni, zile za miundo ya HEVC na VP9 inazifungua kwa wepesi. Muundo mpya zaidi, AV1, hauna msaada wake kwenye grafiki, kwa hiyo prosesa ndiyo inabeba mzigo, na utasikia feni ikipanda. Kamera haina, hivyo kwa vikao vya video utanunua ya kuchomeka.

Umeme ndio unaonifurahisha. Ikiwa imetulia, kipimo changu kinasoma wati 10, 11 hivi. Adapta yake iko nje, kama ya laptopu, wati 65, volti 20, ncha ya mstatili yenye rangi ya njano ndani. Laptopu nyingi za ThinkPad za miaka hiyo zinatumia ncha hiyo hiyo, kwa hiyo adapta ikifa hukosi ya kuazima. Ila kumbuka haina betri. Umeme ukikatika, sentensi uliyokuwa unaandika inakwenda nao. Mtu anayetoka kwenye laptopu husahau hili mpaka siku limkute, hivyo panga UPS ndogo, betri ya akiba ya nje, tangu mwanzo. Kwa mzigo mdogo namna hii, hata ile ya kiwango cha chini inakupa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Sasa kama unakwenda kununua iliyotumika. Angalia namba ya prosesa kabla ya kitu kingine chochote. Mtangulizi wake, M710q, kwa nje wanafanana mno, lakini ndani ana prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, na Windows 11 kwa kawaida haizikubali. Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hiyo si tofauti ndogo. Tafuta i5-8400T, i5-8500T, namba inayoanza na 8 au 9. RAM ndogo na diski mbovu visikutishe, mwombe tu muuzaji akupunguzie, maana hivyo unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi moja. Iwashe, weka kiganja nyuma usikie hewa inatoka. Hewa hafifu na feni inapiga kelele, basi mapezi ya kupoozea yamejaa vumbi. Linasafishika, lakini lijue kabla hujalipa.

Na ukiiwasha, bonyeza F1 mfululizo mpaka uingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikikudai nenosiri, usiichukue mpaka muuzaji alitoe mbele yako. Hili nimelilipia. Mashine ya pili nilimnunulia shemeji yangu, nikaikagua kila mahali isipokuwa hapo. Inafanya kazi vizuri, Windows inaingia, hana malalamiko ya kasi. Lakini mipangilio imefungwa kwa nenosiri la ofisi ilikotoka, na muuzaji hana habari nalo. Ndani ya mipangilio hiyo kuna sehemu ya kuchagua mashine ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika. Yangu nimeiweka ijiwashe yenyewe. Ya shemeji siwezi kuigusa, na nilikuwa nimeshaifunga nyuma ya skrini kwa skrubu nne. Kwa hiyo kila umeme ukirudi, anainuka, anapeleka mkono nyuma ya skrini, anapapasa mpaka akipate kitufe.