Uzoefu wangu na chanjo ya kichaa cha mbwa: yangu na ya mbwa wangu

Kazi yangu ni kushika wanyama wa watu, wengine wapole, wengine sivyo, kwa hiyo nilichanjwa kabla sijang'atwa. Mbwa wangu naye kachanjwa. Watu wakisikia hivyo huuliza swali moja tu: inadumu muda gani? Jibu langu huwaudhi kidogo, maana la mtu ni lake na la mbwa ni lake.

Nianze na la mtu. Chanjo hii hudungwa kwenye msuli au ndani ya ngozi. Mimi nilidungwa ndani ya ngozi, mikono yote miwili, nikarudi baada ya wiki kwa dozi ya pili. Kila sindano ni 0.1 ml, yaani tone tu. Ikiingia sawasawa, ngozi huinuka hapo hapo kiuvimbe cheupe kama umeumwa na mbu. Mkono mmoja hakikutokea, sindano ilizama mno. Muuguzi akaliona mwenyewe, akarudia pembeni kidogo bila mimi kusema neno. Huyo nampa alama zote. Baadaye mkono uliwasha na kuwa mwekundu, basi. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za chanjo za zamani zilizotengenezwa kwa ubongo wa wanyama.

Sasa muda. Chanjo ya mtu haina tarehe ya kuisha. Kingamwili kwenye damu hupungua miaka ikipita, na mstari unaotumika ni 0.5 IU (kipimo cha kimataifa) kwa mililita ya damu: ukiwa juu yake unahesabiwa una kinga ya kutosha. Ukishuka chini, mwili haujasahau. Dozi moja ya nyongeza huiamsha kinga ndani ya siku chache, hata kama ya kwanza ulichoma miaka mingi iliyopita. Ndiyo maana mtu wa kawaida aliyemaliza dozi zake haambiwi arudie kila mwaka. Wanaopimwa damu kila baada ya muda ni watu wa maabara za virusi hivi, madaktari wa mifugo, na sisi tunaoshika wanyama kila siku.

Ila chanjo haikupi ruhusa ya kukaa nyumbani ukishang'atwa. Hapa ndipo wengi hujidanganya, na ugonjwa huu dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Paka mmoja wa kuokota alinitoboa kidole. Nikaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima (zihesabu siku moja, ni ndefu kuliko unavyofikiri), kisha nikaenda kliniki. Mhudumu akaniambia chanjo yangu "imeshaisha muda", nianze upya dozi zote pamoja na ile dawa ya kingamwili inayodungwa kuzunguka jeraha. Nikamtolea kadi. Aliyekwisha chanjwa kikamilifu anahitaji dozi mbili tu, siku ya kwanza na siku tatu baadaye, na hiyo kingamwili haimhusu. Mkubwa wake alipokuja alisema hivyo hivyo. Bila kadi ningedungwa kidole ambacho tayari kilikuwa kinapwita.

Kwa mbwa mambo ni ya kalenda. Ya kwanza huwa akifikisha miezi 3, kwa sababu kabla ya hapo kinga aliyopewa na mama yake inaweza kuizima chanjo. Ya pili baada ya mwaka. Baada ya hapo inategemea chupa: kuna zilizoidhinishwa kwa mwaka 1 na zilizoidhinishwa kwa miaka 3, na sheria za mahali ulipo. Tarehe ikipita si kwamba usiku ule kinga imeyeyuka. Lakini kwa sheria za mahali pengi mbwa wako huhesabiwa chanjo yake imepitwa, na akigombana na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, anaweza kuwekwa karantini kama ambaye hakuchanjwa kabisa, au mabaya zaidi. Wanaosafiri naye kwenda Umoja wa Ulaya wanalijua hili vizuri: ukichelewesha nyongeza, zile siku 21 za kusubiri baada ya chanjo kabla ya kuingia huko zinaanza upya, na chanjo iliyochomwa kabla ya mbwa kuwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi haihesabiwi.

Lalamiko langu liko hapo. Daktari wa mbwa wangu aliandika tarehe na sahihi, kwisha. Jina la chanjo hakuna, namba ya toleo hakuna. Nitajuaje kama ni ya mwaka au ya mitatu? Nilirudi kuomba stika ya chupa, wakaitafuta kwenye daftari lao huku wakininunia.

Chanjo yenyewe sina ugomvi nayo, yangu naipa nyota tano. Ya mbwa nne. Siku watakayobandika stika bila kuombwa, ya tano nitairudisha.