Kisumu hadi Nairobi kwa ndege: dakika za hewani na saa za mlango kwa mlango

Kwa mstari ulionyooka, uwanja wa Kisumu na wa Jomo Kenyatta vimeachana kwa takriban kilomita 280. Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, ni karibu zaidi kidogo, kama kilomita 270. Barabarani, kupitia Nakuru, ni kama kilomita 350.

Tiketi huandikwa dakika 45 hadi 50, lakini hewani ndege haimalizi muda huo wote. Sehemu yake huliwa na kutembea ardhini hadi njia ya kurukia, na tena baada ya kutua Nairobi. Ndiyo maana ndege ya mapangaboi haiachwi mbali na ya jeti: safari ni fupi mno, jeti hufika mwendo wake kamili na mara huanza kushuka.

Hesabu halisi ni hii: teksi kutoka mjini dakika 15, kufika uwanjani saa moja na nusu mapema, kuruka, kungoja mizigo, kisha msongamano wa Nairobi. Hiyo ni saa tatu na nusu au nne, dhidi ya sita hadi nane za basi. Anayekwenda Lang'ata au Upper Hill achague Wilson. Kule Jomo Kenyatta mzigo wa mkononi pekee huokoa muda mwingi.

Ya asubuhi ndiyo bora. Alasiri mawingu ya mvua hujikusanya kandokando ya ziwa na juu ya Kericho, ndege hutikisika, na ucheleweshaji wa mchana hulimbikizana hadi safari ya mwisho. Mwenye ndege ya kimataifa ya kuunganisha jioni asiikatie tiketi hiyo ya mwisho kamwe.