Kitako Kipya cha SKS: Kipi Ufunge, Kipi Kinakutafutia Kesi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo mezani nina SKS, bunduki aliyoibuni Simonov kule Urusi ya Kisovieti, risasi 7.62x39, magazini isiyotoka inayobeba risasi 10. Waliopita JKT huenda wakaitambua sura hii. Tunazungumzia kubadilisha kitako, yaani mwili wote wa mbao tangu begani hadi mbele chini ya mtutu, kwa sisi tulioko Marekani. Uliyeko Dar au Nairobi tazama kwa kujifunza tu, sheria za huko ni nyingine kabisa.

Kabla sijagusa bisibisi: wewe mwenye viza ya masomo au ya matembezi, bunduki hairuhusiwi kwako isipokuwa uwe ndani ya vighairi vichache vya sheria, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card hana kizuizi hicho. Usimwombe binamu akununulie kwa jina lake, hilo nalo ni kosa.

Haya, kwa nini watu wanataka kukibadilisha? Kwanza ni kifupi. Kutoka traiga hadi begani ni kama inchi 13, kwa sababu kilichongwa kwa askari aliyevaa koti zito la baridi. Ukiwa mrefu, kidole gumba kinakaribia kugonga pua. Pili ni grisi. Bunduki hizi zilihifadhiwa ghalani zikiwa zimepakwa kosmolini, na mbao ikainywa. Ukiiacha juani dakika chache, grisi ya kahawia inatoka kwenye vinyweleo vya mbao na kukupaka shavuni. Hii yangu imeshafutwa na kufutwa, na oneni hapa karibu na kamera: bado inatokwa jasho.

Sasa sheria, na hapa msipeleke video mbele. Kuna kifungu cha 922(r) cha sheria ya shirikisho ya Marekani, cha mwaka 1990. Kinakataza kuunganisha, kwa vipuri vya kutoka nje, bunduki ya nusu otomatiki (inayojikoki yenyewe baada ya kila risasi) ambayo isingeruhusiwa kuingizwa nchini kwa sababu si ya michezo wala uwindaji. Kanuni zake zina orodha ya vipuri 20: mtutu, bolti (kile chuma kinachofunga chemba), pistoni ya gesi, traiga, hama, kitako, mshiko wa bastola (ule unaoning'inia chini kama wa bastola), na kadhalika. Bunduki ya aina hiyo haitakiwi kuwa na zaidi ya vipuri 10 vya nje kutoka kwenye orodha hiyo. Kuvunja kifungu hiki kwa makusudi ni hadi miaka mitano jela.

Mtaniuliza, mbona SKS inauzwa ikiwa na singe na kila kitu? Kwa sababu bunduki ya jeshi iliyotimiza miaka 50 na iko katika umbo lake la asili inahesabiwa kuwa ya kale, na inaingia kwa mlango huo. Umbo la asili ndilo linaloibeba. Ukifunga kitako chenye mshiko wa bastola, au cha kukunja, umeitoa mwenyewe kwenye kundi hilo, na hesabu ya vipuri inaanza siku hiyohiyo.

Nimeleta aina tatu. Hii ya kwanza ni ya plastiki, ina mshiko wa bastola na mkia unaovutika nje na ndani. Nakiri ni tamu begani, unaurefusha upendavyo. Lakini duka litakwambia "kimetengenezwa Marekani, uko salama", na hilo ni nusu ya maneno. Kitako kinapunguza kipuri kimoja cha nje, na kikija na kinga ya mkono ya juu, viwili. Bado hujashuka hadi vile 10. Itabidi ubadilishe pistoni ya gesi, na magazini pia, ambayo inahesabiwa mara tatu: bodi yake, sahani inayosukuma risasi, na kifuniko cha chini. Mwenye M59/66, yaani SKS ya Yugoslavia, ana mzigo zaidi, maana kile kirusha guruneti mdomoni mwa mtutu nacho kinahesabiwa. Na ukimaliza yote halafu ukachomeka magazini iliyotengenezwa nje ya Marekani, hesabu inarudi juu palepale. Kwa pesa na usumbufu huo, mimi sikinunui.

Ya pili ni hii yenye tundu la kidole gumba. Wengi hudhani tundu linakwepa neno "mshiko". California na New York zimelitaja tundu lenyewe kwenye sheria zao za silaha za kivita, kwa hiyo uliyeko huko usijidanganye. Soma sheria ya jimbo lako kabla ya kulipa. Hii naipita.

Ya tatu ni mbao ya jeshi, ya umbo lilelile, ya mtumba lakini kavu. Hiki ndicho ningefunga. Angalieni kinavyokaa. Kwanza vuta bolti nyuma, tazama chemba, ingiza na kidole uhakikishe hamna kitu. Weka sefti. Nyuma ya kikingio cha traiga kuna kitasa kidogo, ukisukume kwa ncha ya chuma butu, traiga yote inatoka mkononi. Nyanyua chuma, weka kwenye mbao mpya, rudisha traiga. Mmesikia? Imeniomba kipigo cha kiganja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiingia kilaini bila ubishi, chuma kinacheza ndani ya mbao na risasi zitatawanyika kwenye shabaha. Na mbao ya Yugoslavia usiilazimishe kwenye ya Kichina, hazilingani.

Ukiwa umeshaifungua, safisha pia pini ya bolti, ile inayogonga risasi. Grisi ikiinasa, bunduki inaweza kulia yenyewe bolti inapofunga.

Urefu je? Valisha raba ya begani, ile ya kuchomeka kama soksi. Inaongeza kama inchi moja, inapunguza teke, na ukiivua bunduki iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Kwa mtu wa kulenga shabaha wikendi, hapo shida imeisha.

Wenye Mosin-Nagant na Mauser mmeandika sana. Zenu ni za kukoki kwa mkono kila risasi, na kifungu hiki, upande wa raifo (si shotgani), kinahusu nusu otomatiki tu. Kitako chagueni kwa bega lenu, mkiangalia sheria ya jimbo. Wiki ijayo naifungua Mosin hapahapa mezani.