Saikolojia komyuniti koleji California halafu kuhamia CSU: uzoefu wangu, raha na kero zake

Watu wengi wa nyumbani wakija huku na green card wanauliza shule waanzie wapi, ukiwaambia komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, wanakunja uso, wanaona kama ni VETA ya kizungu hivi au pa kuwaweka waliofeli. Jamani hapana. Mimi saikolojia nimeianzia hapo, nikahamia kampasi moja ya CSU (California State University, mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo) kumalizia digrii, na nikiambiwa nitoe nyota natoa nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata ndiyo yenye maneno mengi.

Tuanze na hela. Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti, somo la kawaida ni yuniti 3 kwa hiyo dola 138, ukipiga yuniti 60 zote za kabla ya kuhamia ada tupu ni dola 2,760. Na hiyo ni kama unalipa mwenyewe, maana mwenye kipato kidogo anaomba California College Promise Grant ada inafutwa, halafu ukijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali, na ukakubaliwa unapata Pell Grant, hiyo hurudishi, inasaidia vitabu na nauli na hata kodi ya chumba kidogo. Mimi usiku nilikuwa nabeba boksi, yaani natunza wazee, asubuhi naingia darasani macho mekundu, lakini deni la shule sikuwa nalo. Ila huo ukazi hauji kwa kushuka kwenye ndege, lazima uwe umeishi humo jimboni zaidi ya mwaka mmoja kabla semista haijaanza na uwe na karatasi za kuonyesha, leseni, kodi ya mapato, mkataba wa nyumba. Ukiwahi kabla ya hapo unalipa bei ya mgeni, vyuo vingi inapita dola 300 kwa yuniti. Kama umefika juzi piga kazi kwanza, shule ipo tu.

Kuingia hakuna shida, hakuna anayekuuliza divisheni ya form four. Na tangu waweke ile sheria ya AB 705 mwaka 2017 hawakurundiki tena kwenye hesabu za kurudia ambazo hazihesabiki popote, unaingia takwimu moja kwa moja.

Sasa saikolojia yenyewe. Nusu ya darasa walikuja wakidhani tunaenda kujifunza kusoma mawazo ya watu. Wiki ya kwanza ya takwimu viti vikaanza kuwa wazi, aisee. Ukichukua ile digrii ndogo ya kuhamia, wanaiita AA-T, unasoma utangulizi wa saikolojia, takwimu, mbinu za utafiti, saikolojia ya upande wa ubongo na mwili, halafu unaongezea kama ya jamii, ya ukuaji wa binadamu au ya magonjwa ya akili. Mbinu za utafiti hawakuruhusu mpaka umefaulu utangulizi na takwimu, kwa hiyo takwimu ukiichelewesha ratiba yako yote inasogea mbele, na hiki kitu ukisubiri mtu akuambie utashtukia muda umeenda.

Mimi nilichopenda kuliko vyote ndiyo hiyo mbinu za utafiti. Tulikuwa kama thelathini tu, mwalimu anakujua kwa jina na ofisini kwake hakuna foleni. Kila mtu alitakiwa afanye kajaribio kadogo, mimi nikachukua la Stroop, yule Mmarekani wa 1935, unaandika jina la rangi kwa wino wa rangi nyingine, neno nyekundu limeandikwa kwa wino wa bluu, mtu anatakiwa ataje wino asisome neno, na anababaika kweli. Nikatengeneza karatasi ya Kiingereza na ya Kiswahili nikawabana Wabongo wa kanisani baada ya ibada, simu mkononi nahesabu sekunde, mama mmoja alikasirika kabisa akasema namfanya aonekane hajui rangi. Kwa Kiswahili wote walikuwa wa polepole zaidi. Nikapeleka kwa mwalimu na maelezo yangu mazuri kwamba lugha ya mama inakuvuta zaidi. Yeye Kiswahili hajui hata salamu, akaniambia nitaje zile rangi kwa sauti, mimi nataja yeye anagonga meza, nye-ku-ndu mara tatu, ki-ja-ni mara tatu, akataja za Kiingereza akagonga mara moja moja tu. Akauliza, utajuaje kama wamechelewa kwa kubabaika au kwa sababu kutamka tu kunachukua muda? Nikarudi kanisani na karatasi nyingine ya alama za X tupu zenye rangi, nikapima kila lugha peke yake na kutoa ule muda wa kutamka, tofauti ikabaki kiduchu sana. Hilo somo nimelipata kwa dola 138, na mpaka leo nikisoma habari ya "utafiti umeonyesha" swali la kwanza linalonijia ni lile la kugonga meza.

Haya, kero. Makaunsela, yaani washauri wa masomo. Wengine wazuri sana lakini ni wachache kuliko wanafunzi, miadi ni nusu saa, na ukikutana na wawili unaweza kutoka na mipango miwili isiyofanana. Kuna mmoja aliniandikia somo ambalo kwa CSU ningepata yuniti tu, kwenye meja, yaani fani yangu kuu, lisingehesabika, na aliandika kwa kujiamini kweli. Niliponea ASSIST. ASSIST ni tovuti ya bure ya jimbo, unaweka chuo ulipo, chuo unachokwenda na meja, inakuonyesha somo gani linasimama badala ya lipi. Ningekuwa mimi ndiye nakushauri, chagua vyuo viwili vitatu unavyovitaka siku ileile unayojiandikisha, ndiyo uchague masomo, usifanye kinyume, maana kuna kampasi za UC (University of California, mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya jimbo) kwa saikolojia hiyohiyo zinadai biolojia au hesabu za juu ambazo AA-T haikulazimishi. Masomo ya jumla angalau yamerahisishwa, wanaoanza kuanzia fall 2025 wana mpangilio mmoja wa Cal-GETC unaokubalika UC na CSU kote. Kero ya pili ni nafasi, darasa la mbinu za utafiti linajaa siku hiyohiyo wanapofungua usajili, sisi wa zamu za usiku tulikuwa tunasajili tukiwa kazini chooni.

Kuhusu kuhamia watu wanachanganya sana. AA-T inakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo wa CSU, haikuhakikishii kampasi unayoiota. Kampasi za CSU kama Long Beach na San Diego State waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo ile GPA ya 2.0, wastani wa maksi wanaosema unatosha kuhamia, ni ya kwenye karatasi tu. UC wao wana TAG, kampasi sita zinakubali kukushikia nafasi ukitimiza masharti yao, Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, na unaijaza Septemba kabla ya maombi yenyewe. Berkeley, UCLA na UC San Diego hawamo. Mimi nilienda CSU kwa sababu ilikuwa karibu na kazi, basi.

Kule mambo yakabadilika. Ukumbi wa watu mia na kitu, mwalimu unamwona kwa mbali, na wenzako walioanza mwaka wa kwanza tayari wako kwenye maabara za maprofesa. Wewe una miaka miwili tu, na kwa saikolojia maabara ndiyo inazaa barua za kukuombea masters. Hiyo ndiyo nyota niliyoikata, ingawa si kosa la koleji peke yake. Andikia maprofesa barua pepe hata kabla hujahamia, wengi hawajibu, anayejibu ndiye wako.

Na mjue digrii ya kwanza haikufanyi mtaalamu wa kuwaona wagonjwa. Kwa leseni ya ushauri wa ndoa na familia hapa California unahitaji masters na saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi. Mimi nipo naomba masters sasa, usiku bado niko na wazee wangu.

Walio na F-1, viza ya mwanafunzi, hesabu zangu za juu siyo zenu. Mnalipa bei ya mgeni, FAFSA hamumo, na lazima mbaki na yuniti 12 kila semista, humo ndani ya onlaini inayohesabika ni somo moja tu, kwa hiyo kabla hujadropu takwimu kwa hasira pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.